Kulivalisha Gita Kanzu ya Besi

Wimbo umeshakaa kichwani, gita liko mapajani, kompyuta imewaka, na besi hakuna. Besi ya kanisani ipo, lakini imefungiwa stoo. Ufunguo anao katibu wa kwaya, na katibu kaenda msibani Korogwe, hatarudi kabla ya Jumapili. Mwongozo huu ni wa usiku kama huo. Utakuonyesha namna ya kulinenesha gita lako kwa programu ya kompyuta mpaka msikilizaji aulize, "Besi kapiga nani?" Ni ulaghai, na nitaufundisha wote bila kubakiza, kwa sababu katika bendi nzima hakuna mlio ninaoupenda kama wa besi, na anayeughushi mlio huo aughushi kwa heshima.

Wahenga walishaonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Basi sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yetu ni kuivuta kanzu hii huku na huku mpaka isitiri.

Tuelewane maneno kwanza. Ukimwambia mtu hapa kwetu "shusha sauti," atapunguza redio akijua bibi amelala. Sisi hatutafuti upole, tunatafuta unene. Aliyewahi kuimba kwaya ananielewa papo hapo: sauti ya nne haizidiwi nguvu na sauti ya kwanza, na mara nyingi ndiyo inayotikisa mabenchi. Kwa hiyo humu nitasema kunenesha, na nikisema ngazi nina maana ya hatua moja ya shingo ya gita, kutoka chuma kimoja hadi kinachofuata.

Hesabu yenyewe ni fupi. Uzi mnene kuliko wote katika gita, ukipigwa wazi bila kubanwa popote, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41. Ni nusu kamili. Wa pili wa gita ni 110, wa besi 55. Nyuzi nne za besi ni zile zile nne nene za gita, E, A, D na G, kila mmoja ukiwa umeteremka oktava nzima, yaani ngazi 12. Mtu anayejua kupiga gita anajua tayari noti za besi ziko wapi shingoni. Vidole havina cha kujifunza upya. Unachokidai kwa kompyuta ni jambo moja: igawe mitetemo kwa mbili.

Lakini besi ya mbao na chuma haikupata unene wake kwa kugawa. Iliupata kwa mwili. Leo Fender alipotoa besi iitwayo Precision Bass mwaka 1951 huko California, uzi wake ulikuwa na urefu wa inchi 34, sentimita 86 na ushei, kutoka unapoanzia shingoni hadi unapokalia daraja. Magita yake yaliyozoeleka yana inchi 25 na nusu, kama sentimita 65. Gawa ya kwanza kwa ya pili, unapata moja na theluthi. Urefu huo peke yake, uzi ukiwa ule ule na umekazwa vile vile, ungeteremsha sauti ngazi tano tu. Ngazi saba zinazobaki hulipwa na uzito: uzi mnene wa gita una kipenyo cha milimita 1.2 hivi, wa besi hukaribia 2.7. Ukiushika kwa vidole viwili utaona umeizidi njiti ya kiberiti.

Uzi mzito namna hiyo hauamki ghafla. Unajivuta, unajaa, halafu unakaa. Sikio la msikilizaji linaujua mwendo huo hata kama hajawahi kuiona besi maishani, kama vile unavyojua kwamba anayepanda ngazi ni mtu mzima na si mtoto, ingawa hujamwona. Programu itakupa nusu ya mitetemo na itaishia hapo. Uzito utauleta wewe kwa mkono, na utauleta kabla ya kubonyeza chochote.

Tuanze na kurekodi. Chomeka gita kwenye kompyuta kwa waya, kupitia kadi ya sauti ya nje kama unayo. Usitege maikrofoni. Nilipokuwa najifunza kazi hii nilirekodi kwa maikrofoni, dirisha wazi, alfajiri, na jogoo wa jirani akawika katikati ya ubeti wa pili. Wakati napiga sikumsikia. Nilipolinenesha gita, na jogoo akanenepa ngazi zile zile 12, na wimbo ukapata ng'ombe anayeumwa tumbo. Programu haijui kuchagua. Chochote kilichoingia kwenye faili kitateremka pamoja na gita. Feni inakuwa mashine ya kusaga. Msuguano wa vidole juu ya uzi, ule mwororo ambao kwenye gita watu huupenda, unakuwa mlango wa banda unaofunguliwa usiku. Na mngurumo wa umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni mitetemo 50 kwa sekunde, unashuka hadi 25, mahali ambapo sikio halipati muziki wowote lakini spika inatikisika na kuchoka bure. Kwa hiyo chomoa chaja ya kompyuta wakati unarekodi, sogea mbali na taa za mirija, na kama waya wako unakwaruza, tafuta mwingine kabla hujaanza.

Kwenye gita lenyewe, geuza swichi uchukue pikapu iliyo karibu na shingo, maana hapo uzi unayumba kwa upana na sauti yake imejaa. Rudisha kitufe cha toni nyuma kidogo. Nyuzi kuukuu zilizopoteza mng'aro, ambazo ulikuwa unaona aibu kupanda nazo jukwaani, leo ndizo unazozihitaji. Mng'aro wa nyuzi mpya ukineneshwa hugeuka kelele ya bati. Kisha weka chini kile kiplastiki cha kupigia. Piga kwa nyama ya dole gumba, na ukingo wa kiganja uuegemeze kwenye daraja kwa wepesi, kama mtu anayemshika begani rafiki yake. Ukibonyeza sana, noti inakufa. Ukiachia kabisa, inalia kama gita. Pale katikati, ambapo noti inasema "du" badala ya "ting", ndipo penye besi. Chukua nusu saa kupatafuta hapo mahali kabla hujarekodi. Sisemi kwa kutia chumvi. Nusu saa hiyo itakuokoa saa tatu za kuhangaika na vitufe baadaye.

Rekebisha nyuzi kwa uangalifu kuliko siku zote, na uzirekebishe zikipigwa kwa dole gumba lile lile utakalotumia.

Noti moja kwa wakati mmoja. Hili ni sharti. Sauti mbili zilizokaribiana zikiwa juu hupatana; zikiwa chini huchafuana, sikio linashindwa kuzitenganisha na kinachobaki ni uji. Nyuzi mbili nyembamba zisahau kabisa: besi ya nyuzi nne haina ndugu zao, na zikineneshwa hulia kama mpira wa manati.

Sasa programu. Zipo nyingi za kulipia na nyingine ni nzuri sana, lakini Audacity ni ya bure, inakwenda hata kwenye kompyuta iliyochoka, na ndani yake mna kila kitu tunachokihitaji. Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg waliianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, na mwaka 2000 ikatolewa kwa umma. Ndani yake utakuta milango miwili ya kufikia unene, na watu wengi hukimbilia wa pili bila kujua kwamba wa kwanza upo.

Mlango wa kwanza ni kubadili kasi. Sauti ikichezwa kwa nusu ya mwendo, mitetemo inakuwa nusu, na hapo hapo umeshateremka oktava. Kila mtu aliyekulia nyumba yenye redio kaseti anaujua ujanja huu, kwa sababu betri zilipoisha nguvu waimbaji wote walinenepa na wimbo ukatambaa. Wanamuziki walishautumia siku nyingi kwa kuugeuza upande wa pili: mwaka 1948 Les Paul alitoa "Lover," na baadhi ya magita yaliyomo aliyarekodi taratibu kisha akayaharakisha, yakatoka membamba na mepesi kama ndege. Sisi tunarudi njia aliyoijia. Kama wimbo wako una mapigo 96 kwa dakika, weka mapigo ya kuongozea 192, piga besi yako kwa haraka hiyo, kisha mwambie Audacity aicheze kwa kasi ya nusu. Noti uliyoishika nusu sekunde itakaa sekunde nzima. Kila kitu kinakaa mahali pake, na gita limeteremka.

Naupenda mlango huu kupita kiasi, na sababu yake ni ile ya uzito. Ukipunguza kasi, programu haikati wala haishoni kitu. Mwanzo wa noti nao unakuwa mrefu mara mbili, kwa hiyo uzi unaonekana kuamka taratibu, kujivuta na kujaa, sawasawa na uzi mzito wa kweli. Ni kana kwamba ulikuwa na gita kubwa mara mbili. Gharama yake ni kwamba makosa ya mkono nayo yanakua: ukichelewa milisekunde 20 wakati wa kurekodi, katika wimbo utakuwa umechelewa 40, na hiyo husikika. Na zipo besi ambazo huwezi kuzipiga kwa haraka mara mbili, vidole vina mwisho wake. Lakini besi nyingi nzuri ni za noti chache. Jaribu hapa kwanza.

Mlango wa pili ni kubadili kimo cha sauti bila kugusa mwendo. Unapiga kwa mapigo ya kawaida, unachagua sehemu uliyorekodi, unafungua orodha ya efekti, unaandika ngazi 12 kwenda chini, au asilimia 50 chini, ambayo ni kitu kile kile, na programu inafanya kazi. Kisanduku cha ubora wa juu kikiwepo, kitie alama na usubiri.

Inafanya kazi gani hasa wakati unasubiri? Mfikirie fundi cherehani aliyepewa doti moja ya kanga na kuambiwa aifupishe iwe nusu bila maua kuwa madogo. Hawezi kuibana. Anaikata vipande vyembamba, anaondoa kila cha pili, kisha anashona vilivyobaki kwa kuvipandisha kimoja juu ya kingine, akihakikisha ua linakutana na ua pale penye mshono. Programu hufanya hivyo kwa sauti: inaifupisha iwe nusu kwa vipande, halafu inaicheza yote taratibu, kwa nusu ya kasi, mpaka muda na kimo vikae inavyotakiwa. Ipo njia nyingine inayochambua sauti katika mitetemo yake mingi na kuujenga kila mmoja upya. Msingi wake uliwekwa na Flanagan na Golden wa Bell Labs mwaka 1966, nao walikuwa wanashughulika na maneno ya watu kwenye simu, si magita. Kwa njia yoyote ile, mishono ipo. Kazi yako ni kuisikia.

Vaa spika za masikioni, uchague noti moja ndefu, uisikilize peke yake. Ikiwa inayumbayumba kama mtoto anayeimba mbele ya feni, mshono unaonekana. Ikiwa mwanzo wake unasema "tok-tok" badala ya "tok," pigo la kidole limeangukia penye mshono likatokea mara mbili. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ni kupiga noti fupi zaidi, ili mshono usipate nafasi ya kuonekana. Dawa ya wa pili ni dole gumba: pigo laini halina ncha kali ya kurudufiwa, na ndiyo maana nilikuhimiza hiyo nusu saa. Na usineneshe kilichokwisha kuneneshwa. Ukishusha ngazi saba, ukaona hazitoshi, ukashusha tano nyingine, umeikata kanga mara mbili. Rudi kwenye rekodi ya mwanzo kila mara, uteremke kwa mkupuo mmoja. Faili lako nalo lisigeuzwe kuwa MP3 kabla ya kuneneshwa, kwa sababu mgeuzo huo hutupa vitu ambavyo sikio haliviulizi vikiwa juu, lakini huvidai vikishuka.

Utauliza kwa nini usineneshe gita moja kwa moja wakati unapiga, ukajisikia wewe mwenyewe ni mpiga besi. Inawezekana, na siku ya mazoezi ni raha tupu. Ugumu ni kuchelewa. Mtetemo mmoja wa uzi mnene wa gita huchukua milisekunde 12, na programu inahitaji kuona zaidi ya mmoja ndipo ijue umepiga noti gani. Ongeza mafungu ambayo kwayo kompyuta hupokea na kutoa sauti, na unaweza kujikuta unasikia noti yako baada ya kidole kuondoka. Mkono ukisikia noti imechelewa, nao unasubiri. Ukisubiri, programu inachelewa tena juu ya kuchelewa kwako, na baada ya mistari minne wimbo umekuwa maandamano ya mazishi. Wakati wa kurekodi zima efekti, jisikie gita kavu, uneneshe baadaye.

Hata hivyo yupo aliyepiga hivyo hivyo moja kwa moja, na dunia nzima ikaamini. The White Stripes ya Detroit ilikuwa bendi ya watu wawili, Jack White na Meg White, gita na dramu, bila besi. Mwaka 2003 walitoa "Seven Nation Army" katika albamu ya Elephant, na ule mstari mnene unaoufungua wimbo, ambao watu wengi wangeapa ni besi, ni gita lililopitishwa kwenye kifaa cha miguuni cha DigiTech kiitwacho Whammy na kuteremshwa oktava. Mwaka huo huo mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji wakauimba huko Milan kwenye mechi, bila maneno, na mwaka 2006 Waitaliano wakauimba mpaka wakabeba Kombe la Dunia. Uwanja mzima unaimba besi ambayo hakuna aliyepiga. Lakini sikiliza tena alichokipiga: noti saba, mapengo makubwa kati yake, hakuna hata moja ya mapambo. Angeweza kupiga solo ndani ya mstari huo, maana ni mpiga solo hodari. Hakupiga. Alipovaa kanzu ya besi alitembea mwendo wa anayevaa kanzu.

Hapa ndipo wapiga gita wengi wanapoharibu, na nataka tukae hapa kidogo. Mpiga gita akipewa nafasi ya besi hujaza. Mkono umezoea kuonekana. Kuna pengo, anatia noti. Kuna noti ndefu, anaitingisha. Ubeti unakwisha, anapanda mpaka shingoni juu kuaga. Programu inateremsha yote hayo kwa utiifu, na matokeo yake ni gita lenye mafua.

Nenda ukasikilize watu walioijua kazi hii. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, na ufuatilie besi ya Tom Malanga peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usisikilize solo, usisikilize waimbaji. Mara ya kwanza ni vigumu, sikio linavutwa juu. Mara ya tatu utaanza kusikia kwamba ile besi inazungumza na dramu, na kwamba mahali inaponyamaza pamepangwa. Kisha chukua benga ya Kenya uone namna besi inavyokimbia na bado inajua ardhi iko wapi. Halafu taarabu ya Unguja, ambamo dabo besi, lile zeze kubwa linalosimama kama mtu, hupigwa kwa kidole na kuushika mdundo mzima wa okestra ya fidla na kanuni. Ni muziki wa aina tatu tofauti, na katika zote tatu mpiga besi anafanya uamuzi ule ule mara kwa mara: hii niipige, hii niiache.

Kwa hiyo kabla hujarekodi, imba besi yako kwa mdomo huku ukigonga meza. Unachoweza kuimba bila kukosa pumzi, kipige. Unachoshindwa kuimba, kiache. Ukiwa na dramu kwenye kompyuta, tafuta dramu ya mguu inapiga wapi, uamue kama utapiga pamoja nayo au utaipisha.

Usafi wa mwisho ni mfupi. Katika ikwalaiza kata kila kilicho chini ya hezi 35, hapo hamna kitu chako. Kata pia kuanzia hezi 3,000 kwenda juu, polepole, mpaka mikwaruzo ya kidole ipungue lakini usiimalize. Nyanyua kidogo karibu na 80 au 100. Tia kompresa ya wastani ili noti zilingane nguvu. Basi.

Lipo jambo moja ambalo litakukatisha tamaa usipolijua mapema. Utamaliza kazi usiku, umefurahi, asubuhi utamtumia rafiki wimbo, naye atausikiliza kwa spika ya simu na kukwambia haoni besi. Hajakosea. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa mitetemo 41 kwa sekunde, hata 82 haiwezi. Lakini usikate tamaa, maana sikio la binadamu lina ukarimu wa ajabu. Simu za zamani zilipitisha sauti kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,400, na sauti ya mwanaume huanzia chini sana ya hapo, karibu na 100 au 120. Hata hivyo mjomba akipiga kutoka Songea ulimsikia na unene wake wote. Uzi ukitetemeka mara 41, hutoa pia 82, 124, 165, 206, 247 na kuendelea, na sikio likipata hizo za juu zimepangwa kwa hatua sawa, linarudisha lenyewe ile ya chini ambayo haikufika. Kwa hiyo hakikisha hizo za juu zipo. Gita lililoneneshwa huwa nazo kidogo, kwa kuwa mkono wetu laini na kitufe cha toni vimezipunguza. Tia mkwaruzo mdogo sana wa amplifaya, ule usioutambua mpaka uuzime, na mjomba atarudi kwenye simu. Kisha ujaribu wimbo kwenye spika kubwa pia, ya dukani au ya kwenye daladala ya rafiki, kwa sababu kinachopendeza simuni kinaweza kunguruma vibaya huko.

Mara ya kwanza nilipoona kazi imekaa, niliipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye ujana wake aliupigia besi kwenye bendi za dansi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nikampa spika za masikioni. Akasikiliza mpaka mwisho macho yamefumba, kisha akazivua sikio moja.

"Besi kapiga nani?"

Nikamwambia ukweli, ni gita, nimelinenesha kwa kompyuta. Hakushangaa hata kidogo.

"Mlio umeupata," akasema. "Rudisha pale kwenye kiitikio."

Nikarudisha.

"Hiyo noti ya nne umeiweka ya nini?"

Nikakosa la kumjibu.

"Dramu inapiga hapo hapo. Iachie."

Nikaichagua noti ile kwenye kioo, nikaifuta pakabaki kimya, nikachomoa waya wa masikioni ili tusikie wote kwa spika yake ya mezani, nikaanzisha tena kiitikio. Hakusema neno. Noti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na pale palipokuwa na ya nne, kandambili yake ya kulia ikapiga sakafu.